Tairi, paleti, chupa au kanga kuukuu: uanze na kipi kupamba nyumba ya kupanga?

Februari iliyopita nilihama Tabata kwenda Kigamboni kwa kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo. Kitanda, godoro, kabati, jiko na mtungi wa gesi vikishapanda kirikuu, nafasi inayobaki inagombewa. Siku hiyo nililazimika kuviangalia upya vitu vyote nilivyotengeneza kwa miaka mitatu kutokana na vile vilivyokuwa vikienda kutupwa: stuli mbili za matairi, meza ya paleti, chupa kumi na nne, zulia la kanga kuukuu, mito ya viraka, fremu ya jina la kanga, na makopo ya maziwa yenye mimea. Vingine nilivipandisha mapema, kabla ya viti. Vingine niliviacha uani na moyo ukatulia.

Wanaoniuliza waanze na kipi huwa wamekwisha kuona picha nzuri mahali. Lakini picha hupigwa siku kazi inapokamilika, rangi ikiwa bado inanukia. Masika hayamo kwenye picha, wala watoto, wala siku ya kuhama. Kwa hiyo navilinganisha kwa maswali ninayojiuliza kabla ya kubeba kitu kuingiza ndani. Nitanunua nini dukani ili hiki cha bure kikamilike? Kitastahimili joto na unyevu wa Pwani? Kinaweza kumdhuru mtoto? Na je, kitapanda kirikuu?

Kwa anayetaka kiti au meza: tairi na paleti

Tairi ni rahisi kulipata. Gereji yoyote ina rundo, na fundi akishajua unaenda kupambia nyumba anakuchagulia lisilochomoza nyaya. "Dada, chukua hata matatu," ndivyo nilivyoambiwa, nikachukua mawili. Gharama huanza ukifika nyumbani. Tairi la gari dogo la rimu ya 15 lina kipenyo cha sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 18. Ukilizungushia kamba ya katani yenye unene wa sentimita moja, upande wa juu peke yake unakula karibu mita 30, na ubavu mita 35. Hizo ni mita 65 za kamba kwa stuli moja. Ongeza gundi, ongeza duara mbili za plaiwudi za kuziba tundu juu na chini, ongeza skrubu. Stuli yangu ya kwanza ilinigharimu karibu sawa na stuli ya mbao ya seremala wa mtaani, ingawa tairi lenyewe sikulilipia hata shilingi.

Ya pili niliifanya kwa akili zaidi. Badala ya kamba nilishona gauni la kitenge chakavu lenye lastiki chini, nikalivisha tairi kama foronya inavyovaa mto. Juu niliweka kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro bovu. Gharama ilishuka mpaka kwenye plaiwudi, skrubu na lastiki tu, na gauni linafuliwa. Kwa hiyo ukiniuliza baina ya stuli ya kamba na ya kitenge, chukua ya kitenge, isipokuwa kama inakaa barazani ambako mvua inaifikia. Hapo kamba inavumilia zaidi, ingawa nayo huota ukungu isipopata jua.

Sifa ya tairi ni uimara. Watoto wanalirukia, wanalibiringisha, halivunjiki na halina kona ya kumchana mtu. Aibu yake ni harufu. Kwenye chumba chenye bati na dari fupi, harufu ya mpira inarudi kila mchana jua likikaza. Lisugue kwa brashi na sabuni ya unga ndani na nje, kisha lianike siku kadhaa kabla ya kuligusa na gundi. Na gundi yenyewe ipake nje, mbali na jiko, kwa sababu zile gundi kali za viatu hutoa mvuke unaoshika moto.

Kuna jambo moja kuhusu tairi ambalo sitalipitia haraka. Watu wengi hulipaka rangi wakaligeuza kuwa chungu cha maua uani. Umbo la tairi ni la kushika maji: lilaze, lisimamishe, daima maji yanabaki tumboni. Mbu anayeeneza dengue anapenda maji machache yaliyotulia mahali penye kivuli, na huuma mchana, wakati watu hawako ndani ya chandarua. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ikapata tena 2019, na wengi wetu tuna ndugu aliyelala kitandani kwa maumivu yale ya viungo. Mayai ya mbu huyo hugandamana ukutani mwa tairi na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua ndani kwa brashi, toboa matundu yasiyopungua sita upande wa chini, kisha jaza udongo mpaka ndani ya mapindo yote. Usipokuwa tayari kufanya hayo, acha maua yakae kwenye ndoo iliyopasuka. Mboga sipandi ndani ya tairi kabisa, maua tu.

Paleti ni habari nyingine. Huombwa kwenye maghala, viwandani na palipo na ujenzi, na mara nyingi hutolewa kwa bei ndogo. Kabla hujaipenda, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Paleti za kusafirishia mizigo kati ya nchi huwa na alama ya suke la ngano na herufi IPPC, pamoja na herufi mbili za nchi ilikotengenezwa. Kisha angalia herufi za mwisho. HT maana yake mbao ilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Hiyo beba. MB maana yake ilifukizwa kwa dawa ya methili bromaidi. Hiyo iache, hasa kama utailalia au utaiwekea chakula. Isiyo na muhuri wowote nayo inawezekana ni salama, lakini kama ina madoa ya mafuta au harufu ya dawa, usijishawishi.

Kuibomoa ndiyo kazi. Misumari ya paleti ina mizunguko kama skrubu, na ukiilazimisha kwa nyundo mbao hupasuka. Pitisha msumeno wa chuma kwenye mwanya ulioko kati ya ubao na gogo, ukate msumari, kichwa kibaki ndani ya ubao. Baada ya hapo ni msasa: namba 80, halafu 120, halafu 220, mpaka ukipitisha kiganja hakuna kibanzi kinachokukamata. Mimi na mdogo wangu tulimaliza Jumamosi na Jumapili nzima kwa meza moja. Gonga kila ubao pia. Ukitoa unga mwembamba, fukusi wamo, na watahamia kwenye kabati lako. Ukiokota mbao yenye rangi ya zamani, usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lowesha msasa, fanya kazi nje, fagia vizuri.

Meza ikawa nzuri mno. Naipenda mpaka leo, lakini haiko kwangu. Tuliigongomea misumari, kwa hiyo haikufunguka, na ikiwa nzima haikuingia kwenye kirikuu. Ipo Tabata, jirani yangu anawekea ndoo za maji. Laiti tungetumia skrubu, ningeifungua kwa dakika ishirini nikailaza chini ya godoro.

Hivyo basi, kwa mwenye nyumba yake, au mpangaji mwenye uhakika wa kukaa, paleti inalipa kuliko tairi, kwa kuwa inakupa fanicha ya kweli. Kwa mpangaji wa chumba na sebule mwenye watoto wadogo, tairi la gauni la kitenge linamfaa zaidi. Lakini kwa anayeanza, hakuna hata kimoja cha kuanza nacho. Nitaeleza chini.

Kwa anayetaka mwanga na mimea: chupa na makopo

Hapa sina maneno mengi. Chupa za soda na bia si taka kwetu: zinarudishwa kwenye kreti, na mwenye duka anazidai. Zinazobaki kweli ni za mvinyo, za konyagi, za sosi, na zile za mdomo mpana za kahawa na mayonezi. Ziloweke usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni, karatasi itavuka. Gundi inayobaki isugue kwa mafuta ya kula kisha uoshe.

Nawasihi msizikate. Najua mbinu ya kufunga uzi uliolowa mafuta ya taa, kuuwasha, kisha kuichovya chupa kwenye maji baridi. Wakati mwingine hukatika vizuri, wakati mwingine hupasuka ovyo, na hata ikikatika vizuri ukingo wake ni wembe. Kuulainisha kunatoa vumbi la kioo ambalo halifai kuvutwa puani. Kioo kinahitaji tanuri. Kwenye karakana za kioo za Kitengela, karibu na Nairobi, na Shanga ya Arusha, mafundi huyeyusha vioo na chupa zilizotumika kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 na kuzifanya glasi, shanga na mapambo ya kudumu. Ukitaka kioo kilichokatwa, nunua kwao. Nyumbani iache chupa nzima, izungushie kamba ya katani shingoni au ukanda wa kitenge, tia mchanga robo ili isiangushwe na upepo wa feni, weka shina la mzambarau au manyoya ya kuku wa kanga. Inapendeza na haikugharimu kitu.

Kopo la maziwa ya unga lina kasoro moja kubwa, kutu, na karibu na bahari kutu haichelewi. Lipake rangi ya mafuta ndani na nje, toboa chini, na hesabu kuwa utalibadilisha kila mwaka. Ukitaka taa ya kopo yenye vitundu vya maua, lijaze maji, ligandishe kwenye friji, kisha toboa kwa msumari na nyundo. Barafu inalizuia lisibonyee. Kwa mimea nachagua kopo, kwa kuwa chupa haitobolewi kirahisi na mizizi huoza. Kwa mapambo ya mezani nachagua chupa. Wakati wa kuhama nilichukua chupa tatu kati ya kumi na nne, nikazifunga ndani ya soksi. Makopo niliyaacha, nikahamisha mimea kwenye mifuko ya unga.

Kitambaa

Sasa nafika mahali ambapo moyo wangu upo. Kila nyumba ya Kiswahili ina kanga zilizochoka. Zimembeba mtoto, zimekuwa shuka, zimekuwa taulo, zimefunga mzigo, na mwisho zimekuwa matambara ya kudekia. Kati ya hatua ya shuka na hatua ya tambara ndipo unapotakiwa kuziwahi. Na kwa fundi cherehani kuna magunia ya vipande vya vitenge. Mwombe, kisha nenda Jumamosi jioni anapofagia.

Kabla ya kuchagua utengeneze nini, jua kitambaa chako ni cha nini. Chomoa uzi mmoja, uwashe. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu. Poliesta inateleza kwenye msuko na kuungua kwa pasi, kwa hiyo kwenye zulia na viraka natumia pamba tupu. Poliesta ndiyo niliyoivisha tairi. Fua kila kitu kwanza, ili kinachorudi kirudi mapema, na kitenge kipya kiloweke peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kanga kuukuu haina shida hiyo. Rangi iliyokuwa ya kutoka ilishatoka kwenye beseni miaka mingi.

Zulia. Unapasua kanga kuwa kanda za sentimita nne. Usikate kwa mkasi: anza kwa mkasi kidogo pembeni, kisha vuta, pamba itapasuka yenyewe kwa kufuata uzi wake. Unganisha kanda, zisuke tatu tatu kama nywele, kisha zungusha msuko kuanzia katikati na kushona ubavu kwa ubavu. Aliyewahi kumwona bibi akishona ukili kuwa mkeka wa duara ameshaiona kazi hii. Kilichobadilika ni kwamba ukindu umekuwa kanga. Hesabu yake ni hii: zulia la sentimita 90 linahitaji msuko wa mita 42 hivi, ukiwa na upana wa sentimita moja na nusu. Kwa kuwa kanda hufupika zinaposukwa, unahitaji karibu mita 180 za kanda. Kanga moja inatoa mita 41. Kwa hiyo andaa kanga tano, nne zitaisha na ya tano itabaki nusu. Dukani unanunua sindano nene na uzi wa nailoni, basi. Mimi nilisuka mita moja kila usiku wakati wa taarifa ya habari, nikamaliza baada ya wiki sita. Nyuma nilishonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili lisiteleze kwenye vigae.

Mito ya viraka. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata miraba 16 ya sentimita 12. Sentimita moja kila upande inakwenda kwenye mshono, unabaki na kumi. Kwa cherehani ni kazi ya jioni moja, kwa mkono ni ya wiki. Ndani weka nini? Nimejaribu sufi na nimejaribu vipande vidogo vya kitambaa. Vipande ni bure lakini mto unakuwa mzito, unafanya mabonge, na ukilowa haukauki. Sufi ni nyepesi na baridi, ila haifuliki. Nachagua sufi, ndani ya mfuko wake, na viraka vinakuwa foronya ya nje yenye vifungo.

Fremu. Hii ndiyo ya haraka kuliko zote na wengi hawaifikirii. Kanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Hata kanga iliyochakaa katikati, jina mara nyingi bado linasomeka. Likate pamoja na kipande cha pindo juu na chini, livute juu ya ubao mwembamba, lipigilie pini nyuma. Saa moja imetosha.

Nikivipanga hivi vitatu: mwenye subira na asiye na cherehani aanze na zulia; mwenye cherehani aanze na mito; mwenye wageni Jumapili hii aanze na fremu. Vyote vitatu vinafuliwa au kufutwa, havichani mtoto, havikusanyi maji, na havina harufu. Na vyote vilipanda kirikuu vikiwa vimepangwa ndani ya kabati, bila kuchukua nafasi ya kitu chochote. Ndiyo maana nasema anayeanza aanze na kitambaa. Akikosea, amepoteza kanda mbili za tambara. Akikosea kwenye paleti, amepoteza wikiendi na amebaki na mbao zenye misumari uani.

Watu huniuliza pia kuhusu kandambili, kwa sababu wamesikia habari za Lamu. Ni kweli: mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda chombo cha Flipflopi kwa plastiki iliyotumika, wakakivisha kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Ni kazi ya kujivunia pwani yote. Lakini nyumbani kandambili zina shida ya kushikana: gundi ya kawaida huachia kwenye joto. Mimi nazikata vigurudumu vya kuweka chini ya miguu ya meza isikwaruze sakafu, na mihuri ya kuchapia rangi kwenye kitambaa. Zaidi ya hapo sijazipatia kazi nzuri.

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja Kigamboni kunitembelea. Kanga nyingi za zulia lile zilikuwa zake. Alinipa zikiwa zimefungwa kwenye furushi akisema nidekie. Alivua viatu mlangoni, akasimama juu ya zulia, akainama akashika msuko mmoja mwekundu. "Mwanangu, hili si pindo la ile niliyombebea Halima?" Nikamwambia ndilo. Akauliza jina lake nimelipeleka wapi, nisije nikawa nimelipasua kanda. Nikamwonesha ukutani, juu ya mlango wa sebule, kwenye fremu: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Alilisoma kwa sauti mara mbili, kisha akakaa chini kwenye zulia, akaniomba sindano, kwa sababu alikuwa ameona ukingoni mahali ambapo mshono wangu ulikuwa umeanza kuachia.